Zawadi ya mwanagenzi bora: kombe, sanduku la zana, bahasha, hatua inayofuata au shindano?

Msimu wa mahafali ukikaribia, kamati ya zawadi hukutana na swali lile lile: fedha ni kidogo, waliofanya vizuri wapo, wapewe nini? Mara nyingi jibu hutoka kwenye duka la karibu. Vinanunuliwa vikombe vilivyopakwa rangi ya dhahabu, vyeti vinachapwa usiku wa kuamkia sherehe, na bahasha moja inawekwa pembeni kwa ajili ya mwanafunzi bora wa jumla. Mgeni rasmi anakabidhi, picha zinapigwa, basi.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa kamati za vyuo vya ufundi stadi, kwa wenye karakana na gereji wanaotaka kumshukuru mwanagenzi aliyejituma, na kwa kampuni zinazoombwa kudhamini. Mifano ni ya Tanzania, kwenye mfumo wa VETA (mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi) na ngazi zake za tuzo, NVA I, II na III, ingawa mengi yatamfaa pia msomaji wa Kenya anayeandaa vijana kwa mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani ya huko.

Vigezo tulivyotumia

Kila aina ya zawadi tumeipima kwa maswali yale yale. Maandalizi yake yanadai nini, kwa fedha na kwa muda? Jumatatu asubuhi baada ya mahafali, mhitimu anaweza kufanya nini ambacho Ijumaa hakuweza? Huwa inaharibika wapi? Na inamfaa nani hasa?

Swali la Jumatatu ndilo tunalolipa uzito zaidi. Mhitimu wa ufundi hatofautiani na mwenzake wa kidato cha sita kwa akili. Tofauti yao ni kwamba huyu wa ufundi anatarajiwa kuingiza kipato wiki hiyo hiyo, na mara nyingi kinachomkwamisha ni kitu kidogo chenye jina: mita ya kupimia umeme, leseni, nauli ya kwenda Mtwara, cherehani.

Kabla ya yote: bora ni nani?

Hapa kamati nyingi hupita haraka, kisha lawama huja baadaye. Mafunzo ya umahiri kwa asili yake hayapangi watu mstari. Yanauliza jambo moja kwa kila kazi: huyu anaimudu, au bado? Wanafunzi 18 wa uchomeleaji wanaweza wote kuwa wameimudu. Ukimtaka "wa kwanza" lazima umtafute kwa kipimo kingine, na kipimo hicho kitangazwe mapema, mwanzo wa muhula wa mwisho, kibandikwe kwenye mlango wa karakana.

Mchanganyiko unaofanya kazi vizuri una sehemu tatu: kazi za vitendo za chuoni, taarifa ya msimamizi wa mafunzo kazini (kule tunakokuita field), na usalama. Usalama uwe mlango wa kuingilia, usiwe alama za kujumlisha. Mwanafunzi aliyekutwa anasaga chuma bila miwani mara tatu asishindanie ubora, hata kama mshono wake unang'aa. Taarifa ya field nayo isiwe ya "ana tabia nzuri". Msimamizi apewe fomu yenye maswali ya kazi: alifanya kazi gani peke yake, ipi ilirudiwa, alifika saa ngapi, alitunzaje vifaa vya wenyewe.

Msiwe pia na "bora" mmoja wa chuo kizima. Hakuna mzani unaompima mshonaji na fundi wa majokofu pamoja, na kura ya walimu mara nyingi humwangukia yule anayeongea vizuri.

1. Cheti cha heshima na kombe

Maandalizi na gharama. Nafuu kuliko vyote, na wiki mbili zinatosha. Kazi kubwa ni majina. Kijana mmoja anaweza kuwa na jina moja kwenye cheti cha kuzaliwa, lingine kwenye kitambulisho cha NIDA, na la tatu likiwa na herufi iliyoongezeka kwenye cheti cha kidato cha nne. Fuateni jina lililotumika kusajiliwa mtihani, kisha kila mwanafunzi aweke saini kwenye orodha kabla haijaenda kwa mchapaji.

Jumatatu asubuhi. Kombe halifungui mlango wowote. Cheti kinaweza, kama kimeandikwa maneno yenye nyama. "Mwanafunzi Bora 2025" hakimwambii mwajiri kitu. "Wa kwanza kati ya 24, fani ya ufundi bomba; ameunga na kupima mfumo wa maji moto wa PPR bila kuvuja" kinamwambia. (PPR ni mabomba ya plastiki yanayoungwa kwa joto.) Mwajiri mwenye ujuzi akisoma hayo atamuuliza joto la mashine ya kuungia na sekunde za kupasha, na kijana aliyefundishwa vizuri atajibu nyuzi 260, sekunde 5 kwa bomba la milimita 20, sekunde 7 kwa la 25. Mazungumzo yameanza.

Panapoharibika. Vyeti vikiwa vingi sana vinapoteza maana: aliyekuwa kiongozi wa bweni, aliyeimba kwaya, aliyevaa vizuri. Heshima hizo zina mahali pake, lakini zisitumie karatasi ile ile yenye muhuri ule ule.

Inamfaa nani. Kila mtu, kama kiambatisho. Peke yake inamfaa mhitimu ambaye tayari ana kazi au karakana ya familia inayomsubiri, maana huyo anachohitaji ni jina.

2. Sanduku la zana

Hii ndiyo zawadi inayopendwa zaidi na wadhamini kwa sababu inapigwa picha vizuri. Ndiyo pia inayonunuliwa vibaya kuliko zote.

Maandalizi na gharama. Anzeni na orodha kutoka kwa mwalimu wa fani, kisha ombeni proforma, yaani makadirio ya bei kwa maandishi, kutoka maduka matatu. Muda wa kutosha ni wiki sita, kwa kuwa zana bora mara nyingi huagizwa kutoka mji mwingine. Kanuni ya kununua ni moja: zana chache zinazodumu, zile ambazo fundi akikosa anarudishwa nyumbani siku ya kwanza. Epukeni seti za vipande 100 ndani ya boksi la plastiki. Nusu ya vipande hivyo hatavigusa, na spana namba 10, 13 na 17, ambazo atazigusa kila siku, ni za chuma laini kinachopanuka mdomo na kula kichwa cha nati.

Kwa fundi umeme wa majumbani, sanduku la maana lina: plaizi na kikata waya vyenye mipini ya kuhami iliyothibitishwa kwa volti 1,000 (tafuteni alama ya pembetatu mbili na maandishi 1000 V juu ya mpini, si rangi nyekundu tu), bisibisi za kuhami, bapa mbili na nyota mbili, kisu cha kumenya waya, multimita (mita ya kupimia umeme) ya daraja la usalama la CAT III 600 V, futi ya mita 5, pima maji ndogo, msumeno wa chuma, nyundo na patasi ya kuchimbia ukuta, waya wa kuvutia nyaya wa mita 15 au 20, na springi ya kukunjia bomba la milimita 20. Jaribu la kwanza la kubana bajeti huangukia kwenye multimita, na hapo ndipo pasipofaa kubana. Mita ya bei ya chini isiyo na daraja la usalama inaweza kulipuka mkononi ikipimishwa kwenye kisanduku kikuu cha umeme.

Mshonaji anahitaji vitu vichache zaidi: cherehani, mkasi wa inchi 10 wa kukatia kitambaa pekee, futi, rula ya mkunjo wa kwapa na shingo, chaki, pasi. Ulizeni kwanza anarudi wapi. Anayerudi kijijini kusiko na umeme wa uhakika apewe cherehani ya miguu, si ya mota. Seremala apewe randa namba 4 au 5, patasi za milimita 6, 12, 18 na 25, msumeno, skwea, na jiwe la kunolea. Jiwe husahauliwa kila mwaka, na patasi butu ni kipande cha chuma tu.

Jumatatu asubuhi. Ina nguvu kubwa kwa fani ambazo fundi hubeba zana zake: umeme wa majumbani, bomba, useremala, uashi, ushonaji. Kwenye fani nyingine nguvu hiyo hupungua. Mhitimu wa ukerezaji hawezi kupewa lethi, na mpishi wa hoteli atakuta visu na sufuria jikoni kwa mwajiri.

Uchomeleaji uko katikati, na unahitaji hesabu. Tuseme amepewa mashine ndogo ya inveta na anatumia rodi za milimita 2.5 kwa ampea 80. Kwenye ncha ya rodi ni takribani volti 23, yaani kilowati 1.8; ukiweka upotevu wa mashine, ukutani inavuta kama kilowati 2.3. Moto ukiwaka saa mbili tu kwa siku, ni uniti 4.6. Akiwa nyumbani kwa mzazi kwenye mita ya D1, kundi la umeme wa bei nafuu ambalo limewekewa uniti 75 kwa mwezi, ataimaliza nafuu hiyo siku ya 17 bila hata kuhesabu taa na pasi ya nyumbani. Mashine imefika, ugomvi na baba umefika nayo. Kwa mchomeleaji, kofia yenye kioo namba 10 au 11, glovu za ngozi, grainda yenye kinga yake, nyundo ya kubandulia magamba, brashi ya waya na skwea vinaweza kumfaa zaidi mwaka wa kwanza, wakati anafanya kazi kwenye karakana ya mtu.

Panapoharibika. Zana huuzwa. Si kwa sababu kijana ni mpumbavu. Mgonjwa nyumbani hasubiri. Pigeni chapa ya jina au namba yake kwa patasi za herufi kwenye kila zana ya chuma: inapunguza wizi, na inashusha bei ya kuuzia haraka. Sanduku liwe na kufuli. Fikirieni usafiri pia, maana cherehani ya miguu na meza yake hailipiwi kama begi, na mhitimu anayerudi Kigoma na nauli ya kukopa ataiacha kwa rafiki mjini.

Inamfaa nani. Mhitimu wa fani ya kubeba zana, anayeanza mwenyewe au kama saidia fundi, na anayejua tayari atafanyia kazi wapi.

3. Fedha

Maandalizi na gharama. Hakuna cha kununua. Kuna cha kuthibitisha tu: namba ya simu ya kupokelea iwe imesajiliwa kwa jina lake mwenyewe, si la mjomba. Kamati ikitaka kumshikisha hundi kubwa ya karatasi kwa ajili ya picha, fedha halisi ziwe zimeshatengwa kabla hajapanda jukwaani. Hundi ya maonyesho ambayo fedha zake zinafuatiliwa miezi sita ni fedheha kwa chuo, na mwanafunzi hana nguvu ya kudai.

Jumatatu asubuhi. Inategemea, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kuwaogopa vijana. Hofu kwamba "atakula hela" ina ukweli nusu. Mhitimu wa miaka 24 mwenye mtoto anajua kuliko kamati kwamba kinachomkwamisha ni kodi ya miezi mitatu ya kibanda, au nauli na chakula cha wiki mbili mpaka mshahara wa kwanza. Hakuna sanduku la zana linalolipa kodi.

Panapoharibika. Kiasi kikitajwa kwenye kipaza sauti. Kabla hajafika nyumbani, ukoo mzima umeshapiga hesabu: ada ya mdogo wake, bati la bibi, deni la harusi ya binamu. Tangazeni heshima, msitangaze kiasi. Njia ya pili ni kugawa: sehemu moja siku ya mahafali, iliyobaki baada ya miezi mitatu akileta risiti ya vifaa au picha ya eneo la kazi. Mgao huu unataka mtu wa kuufuatilia kwa jina. Asipokuwepo, lipeni zote siku moja, kwa sababu ahadi iliyosahaulika ni mbaya kuliko bahasha ndogo.

Inamfaa nani. Fani ambazo mtaji wake ni bidhaa na si zana: mapishi, uokaji, urembo na nywele. Pia anayehamia mji mwingine kwa kazi aliyokwisha kuipata.

4. Kulipiwa hatua inayofuata

Kwa "hatua" tunamaanisha kitu chochote rasmi kinachosimama kati ya kijana na kazi bora: kuendelea kutoka NVA II kwenda NVA III, leseni, mafunzo kazini yenye posho kwenye kampuni, au, kwa mwanagenzi wa mtaani, kurasimishwa ujuzi.

Maandalizi na gharama. Kosa la kwanza ni kudhani ada ndiyo gharama. Kwenye vyuo vya VETA vyenyewe, ada kwa miaka mingi imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Mdhamini anayesema "nimemlipia ada" amelipa sehemu nyepesi. Zilizobaki ni ovaroli, buti zenye chuma mbele, zana za binafsi, godoro, nauli, na mlo wa kutwa kwa asiyelala bwenini. Pigeni hesabu ya mwaka mzima kwa orodha, kisha mseme wazi mnalipa mistari ipi.

Malipo yaende moja kwa moja chuoni kwa namba ya malipo, na barua ya zawadi iwe na tarehe ya mwisho ya kuitumia. Barua hiyo iseme pia nini kitatokea asipopata nafasi: zawadi inahamia muhula ujao, au inakwenda kwa wa pili.

Leseni ni mfano mzuri wa hatua ndogo yenye uzito. Fundi umeme haruhusiwi kufanya kazi za kufunga mifumo ya umeme kwa wateja bila leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, na leseni ina madaraja kulingana na sifa na uzoefu. Mhitimu bora wa umeme asiye na leseni ataishia kufanya kazi chini ya jina la mwingine, na mwenye jina ndiye anayechukua fedha. Kumlipia maombi, kumsaidia kukusanya viambatisho na kumpigia chapa CV yake ni kazi ya siku mbili za ofisi, na inamhamisha upande wa pili wa meza.

Halafu yupo yule ambaye mahafali hayamjui: kijana aliyekaa miaka mitano chini ya gari kwenye gereji, anayefungua gia boksi akiwa anaongea na simu, na hana hata karatasi moja. Kwake VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Anatathminiwa kwa kazi yenyewe, anaonyeshwa mapengo yake, anapewa mafunzo ya kuyaziba, kisha anapata cheti. Mwenye gereji akitaka kumtuza mwanagenzi wake, hatapata zawadi inayozidi hii kwa gharama ile ile. Wengine huogopa kwamba kijana akipata cheti ataondoka. Huenda ataondoka. Aliyefikia kiwango hicho angeondoka tu, na asiye na cheti huondoka na wateja.

Jumatatu asubuhi. Mara nyingi hakuna kinachobadilika Jumatatu hii. Faida yake iko mbali, miezi sita hadi mwaka na zaidi. Kwa kijana anayetegemewa na wadogo zake, kumwambia arudi darasani mwaka mzima bila kipato ni zawadi asiyoweza kuimudu, na atasita kusema hivyo mbele ya mgeni rasmi.

Panapoharibika. Fani yake haina NVA III kwenye chuo cha karibu. Bweni halina nafasi ya mama anayenyonyesha. Kampuni iliyoahidi miezi mitatu ya mafunzo ikamkalisha mapokezi akipanga mafaili. Kwa hili la mwisho, ombeni kampuni itaje kwa maandishi jina la msimamizi na kazi tano ambazo mwanagenzi atazifanya kwa mikono yake.

Inamfaa nani. Mwenye miaka 18 hadi 22 asiye na mzigo wa familia, fundi umeme, mhitimu wa hoteli au TEHAMA anayehitaji mlango wa mwajiri, na mwanagenzi wa mtaani mwenye ujuzi bila cheti.

5. Shindano la ufundi

Shindano ni namna ya kumpata bora na kumsherehekea kwa mkupuo mmoja. Wazo si jipya. Mashindano ya kimataifa ya ufundi ya vijana, WorldSkills, yalichipuka Hispania mwaka 1947, na kwa Afrika yamefanyika Kigali mwaka 2018 na Swakopmund, Namibia, mwaka 2022. Kwa fani nyingi umri hauzidi miaka 22 mwaka wa shindano, na anayefikisha pointi 700 hupewa nishani ya ubora hata kama hakupata medali. Hilo la nishani liigeni: wekeni kiwango, na kila anayekifikia atambuliwe.

Maandalizi na gharama. Miezi miwili, vifaa vya kila mshiriki pamoja na akiba ya asilimia 10 hadi 20, na majaji kutoka nje ya chuo. Mwalimu mmoja afanye kazi ile mwenyewe kwanza. Akitumia saa mbili na nusu, wapeni wanafunzi saa nne. Akigundua kwamba skrubu hazitoshi, afadhali agundue yeye.

Tuchukue umeme. Kila mshiriki ana ubao wa futi 4 kwa 4 uliosimama, kisanduku cha sakiti breka, taa moja inayowashwa na kuzimwa kutoka swichi mbili, na soketi mbili. Nyaya za taa ni milimita 1.5 za mraba, za soketi 2.5. Mgawanyo wa alama 100 unaweza kuwa hivi: usalama 10, vipimo 20, ufanyaji kazi wa sakiti 30, upimaji wake mwenyewe kabla ya kuwasha 15, unadhifu 15, matumizi ya vifaa na muda 10.

Alama zinazopimika zitenganisheni na zinazotazamwa. Swichi ikiwa ndani ya milimita 2 kutoka urefu ulioandikwa, alama zote. Ndani ya 5, nusu. Zaidi ya hapo, sifuri. Hapo hakuna mjadala. Unadhifu unatazamwa, kwa hiyo majaji watatu hutoa 0 hadi 3 kila mmoja peke yake, kwa kuonyesha kadi kwa pamoja: 0 chini ya kiwango cha kazi, 1 imefikia, 2 imezidi kwa sehemu, 3 bora kabisa. Wakitofautiana kwa zaidi ya alama moja, wanarudi ubaoni na kila mmoja anaonyesha alichokiona.

Majaji lazima wawe mafundi, na kosa moja linaonyesha kwa nini. Mshiriki amepitisha waya wa nyutro kwenye swichi badala ya waya wa moto. Taa inawaka, inazimika, ukumbi unashangilia. Lakini ikiwa imezimwa, holda bado ina umeme, na atakayebadilisha balbu juu ya stuli ndiye atakayelijua kosa hilo. Jaji anayetazama taa tu atampa alama zote 30. Jaji fundi atazima swichi, atapima kwenye holda, na atampa sifuri. Mega, kifaa cha kupima kihami cha nyaya, nayo iwepo: volti 500, na ukinzani wa kihami usishuke chini ya megaohmu 1. Ikishuka, mara nyingi ni ganda la waya lililobanwa chini ya skrubu.

Jumatatu asubuhi. Mshindi hana kitu mkononi, isipokuwa mmeongeza zana. Ila ana karatasi ya alama iliyosainiwa na mafundi watatu wa nje, na kama mmoja wao ana kampuni, mara nyingi ameshaomba namba ya simu. Shindano linauza hata walioshika nafasi ya tatu.

Panapoharibika. Mashine sita za kuchomelea kwenye laini moja, breka inaanguka saa ya pili na muda unabishaniwa hadi jioni. Mwalimu anahukumu wanafunzi wake. Nafasi za kazi zimegawanywa bila kura, aliye karibu na dirisha anaona vizuri zaidi. Mgeni rasmi anachelewa, kazi inasimamishwa ili aone mwanzo. Kazi zipewe namba badala ya majina, na matokeo yabandikwe siku hiyo hiyo yakiwa na mchanganuo. Kumbukeni pia kwamba shindano linapima saa nne. Mtaratibu ambaye hajawahi kurudia kazi mwaka mzima anaweza kushindwa na mwenye mikono ya haraka, ndiyo sababu taarifa ya field isiachwe.

Inamfaa nani. Chuo chenye wanafunzi wengi wa fani moja, karakana zenye umeme wa kutosha, na waajiri wanaoweza kufika.

Mchague kulingana na hali yenu

Chuo kidogo chenye fedha kidogo: acheni vikombe. Nunueni zana tatu bora kwa kila fani badala ya sanduku moja kubwa kwa mtu mmoja, na muandike vyeti vyenye maelezo ya kazi. Plaizi moja ya kuhami na multimita ya kweli vinamfaa fundi umeme kuliko boksi la vipande 100.

Kampuni inayodhamini na inataka jina lake lionekane: shindano, lakini toeni pia majaji na nafasi mbili za mafunzo yenye posho. Bango peke yake halimfikishi mtu kazini.

Mwenye gereji au karakana yenye wanagenzi wanne watano: urasimishaji wa ujuzi kwa aliyekomaa, na spana zake mwenyewe zenye chapa ya jina kwa anayemfuata.

Umoja wa wahitimu wa zamani au kanisa linalochanga: chagueni hatua ya mtu mmoja na mwilipe yote, mpaka godoro na nauli, kuliko ada za watu watano watakaoacha katikati.

Mkiwa hamjui mhitimu anarudi wapi wala ana mzigo gani, muulizeni. Fomu ya maswali manne wiki nane kabla ya mahafali inatosha: unakwenda kufanyia kazi wapi, una zana gani tayari, nani anakutegemea, na kati ya zana, fedha na kuendelea na masomo ungechagua kipi. Wajaze wote walioingia tano bora za fani, ili fomu isimtangaze mshindi kabla ya siku yake. Mahafali yakiwa mwishoni mwa Novemba, fomu zirudi mwishoni mwa Septemba, proforma ziwe mezani katikati ya Oktoba, na multimita zifunguliwe kwenye boksi na kujaribiwa na mwalimu wa umeme kabla hazijafungwa utepe.